Tabibu wa Tunis na Kijidudu cha Paka

Nilikwenda Kaptembwo, Nakuru, kumjulia hali binti wa dada yangu aliyeolewa huko, naye ni mja mzito wa miezi minne. Nyumba nikaikuta haina raha. Mama mkwe wake amesikia kwamba paka huambukiza wajawazito maradhi ya kuharibu mimba, akaamuru paka wa nyumbani atiwe guniani akatupwe mbali. Mpwa wangu analia. Mimi, mjomba mtu, nikatakiwa nitoe hukumu. Nikaomba chai kwanza, kisha nikawahadithia habari za Charles Nicolle.

Bwana huyu alizaliwa Rouen, Ufaransa, mwaka 1866, mwana wa tabibu. Masikio yalimdhoofikia angali kijana, na tabibu asiyesikia vyema atasikilizaje kifua cha mgonjwa? Akaielekea darubini. Mwaka 1903 akashika uongozi wa Taasisi ya Pasteur mjini Tunis, akakaa katika mji ule wa Waislamu hata mauti yake. Riwaya pia aliandika, jambo linalonipendeza mimi mtu wa kalamu.

Sifa yake kubwa ni homa ya chawa. Aliona kwamba wagonjwa waliambukiza watu mpaka mlangoni pa hospitali, lakini wakishavuliwa nguo na kuogeshwa, wodini hawamdhuru mtu. Mkosa ni chawa! Akalithibitisha mwaka 1909, na mwaka 1928 akatunzwa Nobel.

Na paka je? Mwaka 1908, yeye na mwenzake Louis Manceaux walikuwa wakichunguza gundi, mnyama mdogo wa jamii ya panya, wakaona ndani yake kijidudu kilichopinda kama upinde. Mwaka uliofuata wakakiita Toksoplasma, kwa neno la Kiyunani la upinde. Nicolle alifariki mwaka 1936 asijue kinazaliana wapi. Ilipofika mwaka 1970 ndipo wataalamu walipobainisha kwamba hukamilisha uzazi wake katika utumbo wa paka, kikatoka na kinyesi.

Hapo Bi Mkubwa akanitazama kwa ushindi. Nikamwambia, taratibu. Ni kweli mama akiambukizwa mara ya kwanza akiwa na mimba, mtoto aweza kuharibika macho au ubongo, au mimba ikatoka. Lakini paka hukitoa kijidudu hicho wiki moja au mbili tu, aghalabu mara moja maishani, na kinyesi hakidhuru kabla ya siku moja au zaidi kupita. Basi mwingine akizoe kila siku, mjamzito asikiguse. Tena kijidudu hupitia nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo. (Sisi tuliosoma chuoni twamjua Abu Huraira, sahaba aliyepata lakabu yake kwa paka, mwacheni huyu naye akae.)

Kisha nikauliza, mchanga ule wa kujengea, uliorundikwa uani, wa nani? Paka wa mtaa mzima hujisaidia pale, na mpwa wangu huuchota kila asubuhi kwa mkono mtupu kusugulia sufuria.

Bi Mkubwa akanyamaza. Akalikung'uta lile gunia, akatoka nalo kwenda kuufunika mchanga.