Calvin Coolidge: Rais Aliyejua Kujizuia

Sisi tunaosoma falsafa hatumalizi wiki bila kukutana na swali hili: serikali ifanye nini, na nini iwaachie watu wenyewe? Huko Marekani swali hilo limewagawa wananchi tangu taifa lile lianzishwe. Wahafidhina husema serikali iwe ndogo, itoze kodi kidogo, itumie kwa uangalifu, na isiyaingilie yale ambayo familia, kijiji au jimbo vinaweza kuyatimiza. Tumeona vema tulitazame wazo hilo katika maisha ya mtu aliyelishika kwa moyo wote: Calvin Coolidge, Rais wa 30 wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 4 Julai 1872 katika kijiji cha Plymouth Notch, jimboni Vermont. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye duka, tena mtu wa kuaminiwa katika shughuli za kijiji. Mama yake alifariki Calvin akiwa na miaka 12, na miaka mitano baadaye akampoteza mdogo wake wa pekee, Abigail. Alikua kijana mkimya, na ukimya huo hakuuacha hata alipoingia Ikulu.

Katika chuo cha Amherst alifundishwa falsafa na Charles Garman, mwalimu aliyewataka wanafunzi wapime hoja wenyewe, na waione kazi ya mtu kuwa ni huduma kwa wenzake. Mafundisho hayo yalimkaa maisha yake yote. Akawa mwanasheria mjini Northampton, Massachusetts, kisha akapanda ngazi za uongozi moja baada ya nyingine: diwani, meya, seneta wa jimbo, na mwaka 1919 gavana.

Mwaka huo ndipo nchi nzima ilipomfahamu. Polisi wa Boston walilipwa mishahara midogo, walifanya kazi saa nyingi na vituo vyao vilikuwa vibovu. Wakaunda chama cha wafanyakazi. Kamishna wao akawakatalia na kuwasimamisha viongozi 19. Tarehe 9 Septemba polisi zaidi ya 1,100 wakagoma. Maduka yaliporwa na watu kadhaa wakauawa. Coolidge, ambaye mwanzoni alikaa kando, aliwaita askari wa ulinzi wa jimbo. Alishikilia kwamba usalama wa wote hauwezi kuwekwa rehani kwa madai ya kundi lolote. Waliogoma hawakurudishwa kazini.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Wengi wa polisi wale walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na Papa Leo XIII alikuwa amekwisha kutetea haki ya wafanyakazi kuungana katika waraka wake Rerum novarum wa mwaka 1891. Raia wa Boston walistahili ulinzi, na polisi walistahili ujira wa haki. Mshahara bora uliodaiwa na waliofukuzwa ulikuja kupewa waliochukua nafasi zao. Gavana aliilinda haki moja, lakini ile ya pili hakuitendea vema.

Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa Makamu wa Rais. Rais Warren Harding alipofariki ghafla, Coolidge alikuwa likizoni kwa baba yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1923, katika nyumba isiyo na umeme, baba alimwapisha mwanawe kwa mwanga wa taa ya mafuta. Baada ya kiapo, Rais mpya alirudi kitandani akalala.

Madarakani, Coolidge aliona kila dola ya serikali kuwa ni jasho la mtu fulani. Alikutana mara kwa mara na mkuu wa Ofisi ya Bajeti kutafuta pa kupunguza matumizi; hata penseli za maofisa zilihesabiwa. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato, kilichokuwa asilimia 73 mwaka 1921, kilishuka hadi 25 chini yake na waziri wake wa fedha, Andrew Mellon. Deni la taifa likapungua kutoka takriban dola bilioni 22 hadi bilioni 17.

Mwaka 1924 ulikuwa mchungu. Mwanawe Calvin, mwenye miaka 16, alipata lengelenge mguuni akicheza tenisi. Sumu ikaingia katika damu, na tarehe 7 Julai akafariki. Baba alikiri baadaye kwamba fahari ya urais iliondoka na mtoto huyo.

Mwaka huohuo alitia sahihi sheria iliyowazuia wahamiaji kutoka Asia na kuwapunguza mno wale wa Italia, Poland na nchi jirani, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki na Wayahudi. Miezi michache baadaye, ingawa yeye alikuwa Mprotestanti, alihutubia mkutano mkubwa wa chama cha Kikatoliki cha Jina Takatifu mjini Washington, akausifu uhuru wa dini. Mambo hayo mawili yalifanywa na mtu mmoja, nasi hatuna budi kuyasema yote.

Wakulima nao walimlilia, bei za mazao zilipoanguka. Bunge lilipitisha mara mbili mpango wa serikali kununua mazao ya ziada, naye, mtoto wa mkulima, akaukataa mara mbili, mwaka 1927 na 1928. Aliamini kwamba bei ikipangwa na serikali, wakulima watazidisha mavuno na tatizo litakua.

Je, alikuwa sahihi? Miaka miwili baada ya yeye kuondoka madarakani, Papa Pio XI katika Quadragesimo anno alieleza kanuni auni: ni dhuluma kwa chombo kikubwa kukinyang'anya kidogo kazi kinachoiweza. Hapo Coolidge angefurahi. Lakini auni maana yake ni msaada. Mdogo akishindwa, mkubwa ana wajibu wa kumwinua. Coolidge aliijua vema nusu ya kwanza ya kanuni hiyo. Ile ya pili aliiogopa.

Hata hivyo, alijizuia yeye mwenyewe kabla ya kuwazuia wengine. Tarehe 2 Agosti 1927, akiwa anapendwa sana, aliwagawia waandishi wa habari vikaratasi vya kuwaarifu kwamba hatagombea tena. Mwaka 1929 alirudi Northampton kuishi katika nyumba ya kupanga. Miezi michache baadaye soko la hisa lilianguka, na wasomi hawajaacha kubishana kuhusu sehemu yake katika anguko hilo. Alifariki tarehe 5 Januari 1933, akazikwa kijijini kwao chini ya jiwe la kawaida.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre, nanyi mnaohudumu katika halmashauri za parokia, tutashika sadaka za wajane na wakulima. Tujifunze kwake kuhesabu hata penseli. Na mnyonge atakapobisha hodi, tusiuite woga wetu kwa jina la kiasi.