Maurice Egerton na Chuo cha Njoro

Maurice Egerton, Lodi wa Tatton, alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874, akaja kulowea Njoro, jirani na Molo, katika nyanda zilizotengewa walowezi. Mnamo 1939 alitoa ekari 740 ili ianzishwe shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Kufikia 1950 shule hiyo ilikuwa chuo. Hakuoa, na husimuliwa kwamba alipiga marufuku wanawake kukanyaga kasri lake. Mwaka wa 1958, mwaka aliofariki, chuo kilipata kutoka kwake ekari nyingine 1,100.

Uongozi humjengea mwalimu wa chuo ari ya kazi kwa nguzo mbili: nyenzo za kufanyia kazi, na imani kwamba kazi yake ni ya jamii nzima. Egerton aliisimamisha ya kwanza, ya pili akaiacha. Waliomfuata ndio waliowafungulia mlango vijana wa rangi zote, na mwaka wa 1987 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Wahadhiri wa kike nao sasa hufundisha katika ardhi yake. Kiongozi basi hupimwa kwa alichotoa, na pia kwa aliowafungia nje.