WILBUR WRIGHT

Soma kwa makini habari ifuatayo, kisha jibu maswali yote.

Wilbur Wright alizaliwa tarehe 16 Aprili 1867 katika jimbo la Indiana, Marekani. Alipokuwa kijana aliumia vibaya usoni akicheza mpira wa magongo kwenye barafu, na mpango wake wa kwenda chuo kikuu ukafa. Baadaye, pamoja na mdogo wake Orville, alifungua duka la baiskeli mjini Dayton, Ohio.

Mwaka 1896 Mjerumani Otto Lilienthal, bingwa wa ndege zisizo na injini, alianguka na kufariki. Kifo hicho kilimfikirisha sana Wilbur. Aliona kwamba kikwazo kikubwa si nguvu ya injini, bali ni namna ya kuiongoza ndege ikiwa hewani. Kwa hiyo, ndugu hao walianza na ndege zisizo na injini, wakazijaribu huko Kitty Hawk kuanzia mwaka 1900. Ndege ya 1901 iliwavunja moyo kwa sababu haikunyanyuka kama walivyokokotoa. Walirudi Dayton, wakaunda sanduku la kupitishia upepo na kupima maumbo mengi ya mabawa. Ndege ya 1902 iliongozeka vizuri.

Ndipo wakaongeza injini. Tarehe 17 Desemba 1903 Orville aliruka kwa sekunde 12. Katika safari ya nne siku hiyo, Wilbur alikaa hewani sekunde 59 na kwenda mita 260.

Hadi hapo rubani aliruka peke yake, tena akiwa amelala kifudifudi. Mwaka 1908 waliweka viti viwili, na tarehe 14 Mei Wilbur akampakia fundi wao, Charles Furnas. Septemba mwaka huo ndege ya viti viwili iliyorushwa na Orville ilianguka. Orville aliumia vibaya, na abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafariki. Wilbur, aliyekuwa Ufaransa, hakuacha kazi. Tarehe 31 Desemba aliruka kwa zaidi ya saa mbili bila kutua.

Wilbur alifariki kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, akiwa na umri wa miaka 45.

Maswali
1. Kifo cha Lilienthal kilimfunza Wilbur nini?
2. Kwa nini ndugu hao waliunda sanduku la kupitishia upepo?
3. Ndege ya 1908 ilitofautianaje na ya 1903?
4. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 40.