Mchungaji Mkimbizi Aliyeendelea Kupanda: Maisha ya Jan Amos Comenius



Mahali wanapoishi wakimbizi, maneno ya kukata tamaa husambaa kuliko habari za mgawo wa chakula. Mmoja husema maisha yamekwisha, mwingine huuliza watoto wanasoma kwa faida gani. Basi katika toleo hili tutazame maisha ya mchungaji aliyekaa ukimbizini miaka 42 na akafia huko. Huenda alikuwa na sababu za kunung'unika kuliko wengi wetu.

Jan Amos Comenius alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 huko Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Alikuwa bado mtoto alipofiwa na baba na mama. Ndugu wa kanisa lake, lililoitwa Umoja wa Ndugu, walimsaidia kusoma, akaenda mpaka vyuo vya Ujerumani. Mwaka 1616 akawekewa mikono kuwa mchungaji, na mwaka 1618 akapewa usharika katika mji wa Fulnek, pamoja na shule yake.

Mwaka huo huo ilianza Vita vya Miaka 30. Tarehe 8 Novemba 1620 Waprotestanti wa nchi yake walishindwa vitani karibu na mji wa Prague. Mwaka uliofuata askari waliuteka Fulnek, na Comenius akapoteza nyumba na mali akakimbia kujificha. Mwaka 1622, yeye akiwa mafichoni, mke wake Magdalena na watoto wao wawili walikufa kwa tauni. Mwaka 1623 vitabu vyake vilichomwa moto hadharani.

Je, alijifanya haumii? Hapana. Katika siku hizo aliandika kitabu ambacho ndani yake mtu mwenye huzuni anabishana na akili, kisha na imani, mpaka mwisho anapata utulivu kwa Kristo. Alilia, lakini kilio chake alikipeleka kwa Mungu. Hakukigeuza kuwa sumu ya kuwanywesha jirani.

Februari 1628 alivuka mpaka na familia yake, maana alikuwa ameoa tena, wakaingia Polandi na kukaa katika mji wa Leszno pamoja na wakimbizi wenzake. Hapo angeweza kuketi akisubiri siku ya kurudi. Yeye akaingia darasani kufundisha. Aliona watoto wakikaririshwa maneno ya Kilatini wasiyoyaelewa, tena kwa fimbo. Akafundisha kwamba shule iwe mahali pa furaha. Kwamba wavulana na wasichana, matajiri na maskini, wote wasome. Na kwamba mtoto aanze na lugha ya mama yake na vitu anavyoviona. Kitabu chake cha kufundishia Kilatini, kilichotoka mwaka 1631, kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa askofu.

Mwaka 1648 amani ilitiwa sahihi. Wakimbizi wa Moravia walitazamia kurudi, lakini mapatano yale hayakuwafungulia njia. Mwaka huo huo mke wake wa pili akafariki. Kisha, Aprili 1656, mji wa Leszno ukachomwa vitani. Comenius, mzee wa miaka 64, alipoteza karibu maandiko yake yote, pamoja na kamusi ya lugha yake aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40.

Akakimbia tena, safari hii mpaka Amsterdam, Uholanzi, akashika kalamu upya. Mwaka 1657 alichapisha maandiko yake juu ya elimu. Mwaka 1658 kikatoka kitabu cha watoto chenye sura 150, kila moja na picha yake, na vitu vyake vimetiwa namba ili mtoto aone kitu na kusoma jina lake. Vizazi vingi vya watoto wa Ulaya vilisoma kwa kitabu hicho. Kilitoka miaka 2 tu baada ya moto ule!

Lakini tuseme ukweli wote. Comenius aliwaamini watu waliodai kuona maono kwamba watawala wale wangeanguka na wakimbizi wangerudi nyumbani. Alichapisha hata unabii wao. Haukutimia, naye akaaibishwa. Wapendwa, hili linatuhusu. Tumaini la Mkristo si kutajiwa tarehe ya kurudi. Anayejengea moyo wake juu ya tarehe, tarehe ikipita moyo huanguka. Kilichobaki katika maisha ya Comenius si unabii ule, bali kazi aliyoifanya kila siku kwa ajili ya watoto.

Alifariki tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa katika mji wa Naarden, Uholanzi. Kwa macho ya watu kanisa lake lilikuwa linakufa pamoja naye. Lakini mwaka 1722 familia zilizoshika imani ile kwa siri zilitoka Moravia zikapata makazi Ujerumani, na kanisa likahuishwa. Mwaka 1735 askofu wake wa kwanza aliwekewa mikono na Jablonski, mjukuu wa Comenius. Mwaka 1891 wamisionari wa kanisa hilo, yaani Moravian, walifika Rungwe, na mwaka 1898 wakaingia Urambo, Tanzania. Mbegu ya yule mkimbizi ilifika mpaka huku kwetu.

Basi, wazazi, tuchunge maneno jioni tunapokaa na watoto. Tukisema kila siku kwamba hakuna kesho, wataamini. Nabii Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani. Wewe una nini mkononi? Kama ni jembe, lima kipande chako. Kama unajua kusoma, mfundishe mtoto wa jirani. Jirani akija na manung'uniko, msikilize, mwombee, kisha mpe kazi ya kufanya pamoja nawe.

Mungu awabariki na kuwatia nguvu.