Roger Fenton na Vibao vya Ninawi

Mji wa Ninawi, mji wa watu wa Nabii Yunus, alayhi salaam, hauhitaji kuelezwa kwa wasomaji wetu. Magofu yake yako kando ya mto Tigris, mkabala na Mosul, Iraki. Huko, katika miaka ya 1840 na 1850, Layard na Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, walifukua maelfu ya vibao vya udongo vyenye maandishi, vikapelekwa Makumbusho ya Uingereza, London. Hao hutajwa sana. Mimi leo namtaja Roger Fenton, aliyevipiga picha.

Fenton alizaliwa Lancashire mwaka 1819, akasomea sheria na uchoraji. Mwaka 1852 alipiga picha Urusi. Makumbusho yakamwita, naye akajengewa chumba cha vioo juu ya paa, maana picha zilitaka jua, na jua la London ni la kubahatisha. Kila kioo kilipakwa dawa, kikapigwa na kusafishwa ndani ya dakika chache. Dawa ikikauka, kazi bure.

Kwa nini wasinakili kwa mkono? Sisi tuliosoma vyuoni twajua: nukta moja ikianguka, jim huwa ha, na maana ikapotea. Maandishi ya Ninawi, yenye alama mfano wa misumari, wakati huo ndiyo kwanza yaanze kufahamika. Mchoraji asiyeyajua angekosea bila kujijua. Kamera haijui kusoma, basi haizidishi wala haipunguzi. Tena picha yaweza kusafiri kwa mwanachuoni wa mbali, kibao kikabaki salama.

Mwaka 1855 Fenton alikwenda vita vya Crimea, akarudi na picha zaidi ya 300 na sifa kubwa. Lakini gharama za kazi yake makumbushoni zilizusha mvutano, na mwishoni mwa miaka ya 1850 ikakatika. Mwaka 1862 aliuza vyombo vyake, akarudia sheria. Alikufa 1869, umri miaka 50.

Julai 2014 msikiti wa Nabii Yunus, Mosul, ulilipuliwa. Mwaka uliofuata masanamu ya makumbusho ya mji huo yakapondwa kwa nyundo. Kilichovunjwa kabla ya kupigwa picha kimekwenda na siri yake. Hapo ndipo naiona thamani ya yule mtu wa juu ya paa, aliyekimbizana na dawa isikauke.