Alfred Butts, Msanifu Aliyehesabu Herufi

Ukipita Zuzu jioni utamkuta baba mdogo wangu kibarazani, kompyuta ya zamani mapajani, waya wa chaji umetokea dirishani. Mwaka jana alipunguzwa kazini pamoja na wenzake, baada ya miaka 11 ya kutunza stoo. Siku hizi anajifunza kutengeneza magemu ya simu. Majirani wanacheka: mtu mzima, baba wa watoto watatu, kutwa yuko na michezo. Na kwa kuwa kata yetu tayari ina jina la kutaniwa, unaweza kukisia utani wenyewe unavyokwenda.

Sikatai, hata mimi nilicheka. Kisha nikasoma maisha ya Alfred Mosher Butts, nikaacha kucheka. Wasiwasi ndio haukuisha, na mwishoni mtaona kwa nini.

Jina lake huenda halikwambii kitu, lakini mchezo wake huenda uliucheza kwenye klabu ya Kiingereza ulipokuwa sekondari. Ni Scrabble, ule wa vipande vya herufi vinavyopangwa ubaoni kuunda maneno. Watu wengi hudhani mchezo kama huo umebuniwa na kampuni kubwa. Kumbe umebuniwa na mtu aliyekosa kazi.

Butts alizaliwa tarehe 13 Aprili 1899 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa mwanasheria, mama yake mwalimu. Alisomea usanifu majengo Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu 1924. Mwaka uliofuata alimwoa Nina Ostrander, ambaye zamani alikuwa mwalimu wake. Akapata kazi katika ofisi ya wasanifu New York, maisha yakanyooka.

Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na uchumi wa dunia ukaanguka nalo. Hata huku Tanganyika bei ya katani iliporomoka na vibarua wa mashambani wakapunguziwa ujira. Kule New York, nani tena angejenga? Na pasipo ujenzi msanifu ana kazi gani? Mwaka 1931 Butts akapoteza ajira. Alikuwa na miaka 32.

Hapa ndipo maisha yake yanapotuhusu sisi tunaosubiri kuhitimu. Butts hakuwahi kutengeneza mchezo wowote. Aliamua kujifunza, na alijifunza kama mwanafunzi, yaani alianza kwa utafiti. Alikaa chini akaichambua michezo iliyokuwepo na kuiandikia maelezo. Akaona inaingia katika mafungu matatu: ya kusogeza vipande, kama sataranji, ya namba, kama dadu na karata, na ya maneno. Fungu la tatu akaona bado lina nafasi. Pia akaona kwamba mchezo wa bahati tupu unachosha wenye akili, na mchezo wa akili tupu unawakatisha tamaa wanaoanza. Yeye akataka vyote viwili vikutane.

Swali likawa: ziwepo herufi ngapi za kila aina? Angeweza kukisia tu. Badala yake alichukua magazeti, hasa ukurasa wa mbele wa New York Times, akahesabu herufi moja moja: E ngapi, T ngapi, Q ngapi. Herufi zinazotokea mara nyingi akazipa vipande vingi na alama chache. Zile adimu akazipa kipande kimoja na alama nyingi. Herufi S alizibana makusudi zisizidi 4, maana kwa Kiingereza ukiongeza S mwishoni unapata wingi, na mchezo ungekuwa rahisi mno.

Mimi nasomea ualimu, na hapo nilishindwa kuendelea bila kujaribu. Jumapili moja nilikwenda Zuzu na gazeti la Kiswahili, nikamshika baba mdogo, tukahesabu ukurasa wa mbele kwa kuchora vijiti kwenye daftari. Herufi A iliziacha nyingine mbali kabisa. K ilijaa kila mahali. Q na X hazikuonekana. Sasa chukua seti ya Kiingereza: ina K moja tu. Bila kutumia kipande kitupu huwezi hata kuandika KUKU! Pale nilielewa kwamba Butts hakugawa herufi za dunia nzima. Aligawa herufi za lugha yake, kwa kuhesabu lugha inavyoandikwa. Anayetaka mchezo wa Kiswahili itambidi ahesabu upya.

Mchezo wake wa kwanza aliuita Lexiko, nao haukuwa na ubao. Vifaa alivitengeneza nyumbani kwa mkono, akitumia zana zake za kuchorea ramani za majengo. Akaupeleka kwa kampuni kubwa za michezo za wakati huo, Parker Brothers na Milton Bradley. Zote zikaukataa. Akauza seti chache kwa watu waliomjua, na faida haikuonekana.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wanaohamasisha vijana kwenye semina huwa wanairuka. Mchezo haukumtoa Butts kwenye ukata. Mwaka 1935 ofisi yake ya zamani ilimrudisha, akachukua penseli zake akaenda kazini. Ila mchezo hakuutupa. Jioni aliendelea kuurekebisha. Mwaka 1938 akaongeza ubao wa miraba 15 kwa 15, maneno yakapitana kama kwenye mafumbo ya magazetini. Aliujaribu na marafiki katika ukumbi wa kanisa la Kimethodisti mtaani kwao, Jackson Heights, na nyumbani na Nina. Inasimuliwa kwamba Nina alikuwa akimshinda, na kwamba mbunifu mwenyewe hakuwa hodari wa tahajia.

Miaka ikapita. Mwaka 1948 James Brunot, mmoja wa wachache waliokuwa na seti ya Butts, aliomba kuutengeneza kwa ajili ya kuuza, na Butts apate senti chache kwa kila seti. Brunot akaurahisisha kidogo na kuupa jina la Scrabble. Mwaka 1949 alitengeneza seti 2,400 na akapata hasara ya dola 450. Mambo yalibadilika 1952. Inaelezwa kwamba mkuu wa duka kubwa la Macy's aliukuta mchezo likizoni, akarudi na kuuliza kwa nini dukani kwake haupo. Oda zikamiminika, na katika mwaka 1954 pekee ziliuzwa seti karibu milioni 4.

Hebu tupige hesabu. Kutoka 1931 hadi 1952 ni miaka 21. Butts alikuwa na miaka 53 mchezo ulipoanza kumlipa vizuri. Hakuwa milionea wa kutisha. Alipata fedha za kuishi kwa raha, akalinunua tena shamba lililokuwa la ukoo wake, akaendelea na usanifu. Uzeeni alitoa mchezo mwingine, nao haukuvuma. Alifariki tarehe 4 Aprili 1993, akikaribia miaka 94. Leo huko Jackson Heights kuna kibao cha mtaa chenye herufi zilizoandikwa alama zake, kama vipande vya mchezo wenyewe.

Ndiyo maana wasiwasi wangu haujaisha. Watoto wa baba mdogo hawatakula kwa miaka 21 ya kusubiri, na ada ya shule haingoji. Nilimweleza yote haya bila kumficha, hasa habari ya 1935. Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha anachotengeneza: gemu la kupanga mizigo kwenye lori, mizito chini, ya kuvunjika juu, kabla muda haujaisha. Lori lenyewe bado linapinduka bila sababu. Lakini niliona miaka 11 ya stoo imo mle ndani, kama zana za usanifu zilivyokuwa ndani ya Lexiko.

Wiki ile ile alikubali kazi ya kuwaandikia hesabu wakulima wawili wa zabibu, asubuhi tu. Jioni anarudi kibarazani. Majirani bado wanacheka, na daftari letu la kuhesabia herufi bado liko pale, chini ya kompyuta.