Richard Bellman na Maamuzi Yanayofuatana

Katika kufundisha Hisabati, mara nyingi twawapa watoto kanuni bila kuwajulisha binadamu aliyeitafuta. Yafaa basi tumtazame Richard Bellman, Mmarekani aliyezaliwa mjini New York mwaka 1920.

Bellman alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1946. Katika miaka ya 1950, akiwa katika shirika la utafiti la RAND, alishughulikia swali moja: mtu mwenye maamuzi mengi yanayofuatana atapataje gharama ndogo kabisa bila kupima kila mfuatano? Jibu lake, alilolieleza katika kitabu cha mwaka 1957, ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma, tukitafuta kwa kila hali njia bora ya kutoka hapo. Baadaye wataalamu waliitumia kanuni hiyo kuongoza mitambo ambayo hali zake zahesabika, na ambayo kila tukio huihamisha kutoka hali moja hadi nyingine. Katika hisabati, mfano wa mtambo wa namna hiyo huitwa otomata.

Darasani Nachingwea au Ruangwa, tuchore ubaoni safari ya kutoka Nachingwea hadi Nanganga, mahali ambapo njia ya Masasi na ile ya Ruangwa hukutana kuelekea Lindi. Vituo ndivyo hali, mwendo ndio tukio, na korosho ndizo gharama. Tuseme Nachingwea hadi Ruangwa ni korosho 3, na Ruangwa hadi Nanganga 7. Nachingwea hadi Masasi ni 5, na Masasi hadi Nanganga 4. Mtoto mwenye haraka atachagua Ruangwa, kwa kuwa 3 ni chache kuliko 5, naye atalipa 10. Aanzaye Nanganga na kurudi nyuma ataona kwamba kupitia Masasi ni 9 tu. Lakini aliyekwisha kufika Ruangwa asigeuke: mbele zimebaki 7, na kurudi kupitia Masasi kutamgharimu 12.

Hapo ndipo kilipo kiini cha somo. Hatua ya kwanza ikiwa mbaya, bado ipo njia bora ya kutoka pale mtu alipo. Mwaka 1973 Bellman alipasuliwa uvimbe wa ubongo, akabaki na ulemavu mkubwa. Hata hivyo aliendelea kuandika hadi alipofariki mwaka 1984. Nasi tunaposahihisha daftari, tusimrudishe mtoto mwanzo kila akoseapo. Tumwulize kwanza ni hatua gani iliyo bora kutoka hapo alipofika.